Mhoja, Nyongo ya Mbuzi na Vidonge Sita

Jumatano, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi. Ndivyo ilivyo kwenye daftari langu la wakati ule, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa inavuja: "Wamemleta Mhoja kwa mkokoteni wa ng'ombe. Amelala, haamki. Dokta ameniita mbele ya watu wote."

Wanangu mnaokaa dirisha la dawa siku hizi, mmeniomba niwaandikie machache ya kuaga. Mimi siagi. Nimekuja kubishana nanyi. Nasikia mnaambiana kwamba kazi ya dirishani ni kusoma cheti, kuhesabu, kufunga, kusema "asubuhi na jioni," halafu kumwita anayefuata. Nani kawadanganya? Wewe ndiye mtu wa mwisho kumwona mgonjwa kabla dawa haijaingia tumboni mwake. Baada yako ni maji tu ya kumezea.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nimemaliza kidato cha nne, nina haya mpaka nikienda sokoni namtuma mdogo wangu aulize bei. Yote niliyoshindwa kusema mchana niliyaandika kwenye daftari jioni, ndiyo maana leo nayakumbuka. Simiyu haikuwa mkoa bado. Bariadi tulihesabiwa Shinyanga. Zahanati yetu ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Lamadi. Jina lake sitalitaja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Lugwisha, mtu mfupi, mkali, aliyenukia dawa ya kikohozi. Alinifundisha kuhesabu vidonge kwa kisu kwenye sinia, vitano vitano, kisha kurudia kuanzia mwisho. Kwa wasiojua kusoma alinifundisha kuchora jua na mwezi kwenye bahasha. Siku moja nilichora jua la jioni linazama, nikijiona fundi, na bibi mmoja akameza dozi ya asubuhi na ya jioni kwa pamoja kwa sababu aliona majua mawili. Mzee Lugwisha hakunipiga kelele. Alinipa bahasha mia tupu, akasema, "Chora mwezi mpaka mkono ujue."

Na kuna hili. Alilisema mara moja tu, akifunga kopo:

"Kabula, mtu mwenye manjano usimpe dawa ya usingizi wala ya kifafa kama unavyompa jirani yake. Nyongo imemrudia kwenye ini. Ini linapambana na nyongo, halina nafasi ya dawa yako. Mrudishe kwa dokta aseme upya."

"Imeandikwa wapi, mzee?"

"Imeandikwa kwa watu niliowaona wamelala."

Kisha serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Ilikuwa miaka ile ambayo mwenye duka la sabuni na viberiti aliongeza rafu moja akauza na vidonge. Mfanyabiashara mmoja wa Bariadi mjini akamchukua Mzee Lugwisha, akamweka nyuma ya kaunta, katikati ya makopo ya rangi rangi yenye maandishi ambayo yeye na mimi hatukuyajua ni ya nchi gani. Zahanati tukabaki wawili, mimi na Dokta Malimi. Hakuwa daktari, alikuwa mganga msaidizi. Lakini ukivaa koti jeupe kijijini, watu wanakumalizia wenyewe masomo yaliyobaki.

Sasa nirudi nyuma kidogo, mpaka Alhamisi iliyotangulia ile Jumatano. Hapa ndipo penye aibu yangu na sitapaficha.

Mhoja alikuwa mkulima wa pamba upande wa Ngulyati, mrefu, mcheshi, ana kifafa tangu ujana. Vidonge vitatu vidogo vyeupe kila jioni, na kwa vidonge hivyo alilima, alioa, alizaa. Siku ile alinipa cheti. Dokta alikuwa ameandika kama alivyoandika mwezi uliopita, nadhani hata kichwa hakuinua. Mimi niliinua. Macho ya Mhoja yalikuwa ya njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Na alikuwa anajikuna kiganja kwenye fremu ya dirisha, polepole, kama ng'ombe anayejikuna kwenye mti.

Nilikumbuka maneno ya mzee. Nilifungua mdomo.

"We Kabula," akasema Mhoja, "ukiniangalia hivyo watu watasema unataka kuolewa. Ng'ombe ninao, sema tu!"

Foleni nzima ikacheka. Uso ukaniwaka. Niliinama, nikahesabu vidonge ishirini na kimoja vya siku saba, nikavirudia kuanzia mwisho, nikachora mwezi, nikampa. Jioni niliandika: "Mhoja ana macho ya njano. Nilitaka kusema. Kesho nitamwambia Dokta." Kesho yake kulikuwa na chanjo, watoto wanalia kila kona, na Dokta hakuwa mtu wa kuambiwa jambo. Sikusema.

Basi Jumatano ikafika na mkokoteni.

Mkewe, Nyanzobe, alikuwa amekaa juu, kichwa cha mumewe mapajani. Dokta alimfinya Mhoja sikio. Mhoja akafungua macho, akaangalia kama mtu aliyeko ng'ambo ya ziwa, akayafumba.

"Umempa vingapi huyu?" Dokta akaniuliza, watu wakisikia.

"Vitatu kila jioni. Siku saba."

"Mtu halali siku mbili kwa vidonge vitatu alivyovizoea. Umechanganya hesabu."

Kabla sijajibu, Nyanzobe akachomoa bahasha kwenye kanga yake.

"Hii hapa! Mimi shule sijaiona, lakini nilijua tu mtatafuta wa kumsingizia. Hesabuni."

Nilivimwaga kwenye sinia. Vidonge sita. Alianza kumeza Alhamisi. Mpaka Jumatatu ni jioni tano, vidonge kumi na vitano. Jumanne hakuweza kumeza, alikuwa amelala tayari. Kumi na tano na sita, ishirini na kimoja. Mtoto wa darasa la pili angeona.

"Basi mmenunua vingine mnadani," akasema Dokta. "Siku hizi kila kitu kinauzwa mnadani."

"Mnadani nilinunua chumvi, dokta. Nikuletee na chumvi uihesabu?"

Watu wakacheka, na Dokta akakasirika. Nilijua amekasirika kwa sababu alianza kuongea taratibu.

Mimi nikamsogelea Nyanzobe. Nilimuuliza kwa Kisukuma, na hili liwekeni akilini: mambo ya choo muulize mtu kwa lugha aliyonyonya. Ukimuuliza kwa Kiswahili atakujibu "mzima tu" kwa heshima, na umeachwa.

"Mayu, mama yangu, mkojo wake ukoje?"

"Kama chai ya rangi. Na choo kama majivu. Anajikuna mpaka tumemfunga vitambaa mikononi."

"Mmempa dawa gani nyingine?"

Akashusha sauti. "Mama mkwe alisema nyongo yake imemwagika ndiyo maana amekuwa wa njano. Lazima tumrudishie. Tumechinja mbuzi Ijumaa, na mwingine Jumapili. Nyongo tumeichanganya na maji, tunampa kila jioni. Ndiyo anayomezea vidonge."

Dokta akasikia, akapiga makofi, akacheka. "Umeona? Ushirikina! Halafu mnaniletea mimi."

Wanangu, nawaomba msicheke kama Dokta alivyocheka. Yule mama mkwe hakusoma hata a, na aliutaja ugonjwa kwa kiungo chake: nyongo. Alikuwa karibu na ukweli kuliko mwenye koti. Alikosea njia moja tu. Nyongo ya mwanawe haikuwa imekwisha. Ilikuwa imezibwa mlango, haishuki tumboni, inarudi kwenye ini na kwenye damu. Naye akaiongezea ya mbuzi wawili.

Niliyajua haya vizuri miaka mingi baadaye, kwenye semina Mwanza. Mwalimu wetu alikuwa dada mmoja wa maabara, mdogo kwangu kwa umri, na nilimuuliza maswali mpaka wenzangu wakaanza kuguna kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Alisema hivi. Ndani ya ini kuna vimeng'enya, ambavyo ni kama vibarua wasioonekana. Dawa nyingi zikifika, vibarua hao ndio wanaozivunjavunja ili mwili uzitoe. Nyongo nayo ina asidi zake, na ini ndilo linalozitengeneza. Zikishuka tumboni kama kawaida, hakuna tatizo. Zikizuiwa zikajaa kwenye ini, zinabadilisha kazi ya vibarua: wengine wanapunguzwa, wengine wanaongezwa ili kuzishughulikia hizo asidi zenyewe zisiliunguze ini. Dawa yako inayokuja inamkuta kibarua wake hayupo.

Mimi nikamwambia, "Ni kama kiwanda cha kuchambua pamba." Dada wa watu hakujua pamba, ikabidi nimfundishe na yeye. Pamba inaingia na mbegu zake, mashine inatenganisha, mbegu zinatoka kwa mlango wa nyuma. Ziba ule mlango. Mbegu zitajaa mpaka shingoni mwa mashine. Msimamizi atawatoa watu kwenye pamba awape koleo wakazoe mbegu. Pamba mpya itakaa uani. Na malori hayajui hayo. Yanaendelea kuja kila jioni, gunia tatu, gunia tatu, mpaka ua umejaa. Idadi ya gunia haijabadilika hata siku moja. Kilichobadilika ni kiwanda. Na ile nyongo ya mbuzi ni jirani mwema anayekuletea mbegu za kwake akazimwaga juu ya zako.

Akasema, "Mama, huo mfano nitauiba." Nikamwambia aibe.

Lakini akanionya, nami nawaonya. Dawa ile ya kifafa si sumu. Kwa ini lenye nafasi, yenyewe huwaamsha vibarua, na wapo mabingwa wanaoitumia kwa mpango kutuliza mwasho wa manjano. Na si kila dawa inapita njia moja. Nyingine zinatoka na mkojo bila kulisumbua ini. Kwa hiyo usijifanye hakimu ukapunguza dozi kwa kichwa chako. Kazi yako ni kuona, kusema, na kukataa kunyamazishwa. Na uangalie macho kwa mwanga wa mchana. Kwa taa ya mafuta kila mtu ni wa njano, hata Dokta.

Msidhani nilikuwa sikosei. Baada ya kisa cha Mhoja niligeuka mkali kupita kiasi. Niliwahi kuzuia dawa za wagonjwa watatu wa kifua kikuu kwa sababu mikojo yao ilikuwa ya rangi ya machungwa. Nikapiga kelele, manjano, manjano! Kumbe ni rangi ya dawa yenyewe, inapaka mkojo, jasho na hata machozi, na macho yao yalikuwa meupe kama maziwa. Nilichekwa wiki nzima. Bora kuchekwa hivyo.

Haya. Ile Jumatano, saa tisa alasiri, Dokta aliniita chumbani kwake. Mezani palikuwa na karatasi ameshaiandika kwa mwandiko wake mzuri: "Mimi Kabula, mgawa dawa, nakiri kuwa nilikosea kuhesabu vidonge vya mgonjwa." Chini mstari wa kusaini.

"Saini," akasema. "Nitakutetea wilayani, watakupa onyo tu. Wewe bado mtoto."

"Vidonge vilitimia, Dokta. Vimehesabiwa mbele ya watu."

"Kabula. Mgonjwa akifa lazima kuwe na sababu. Na kama kosa ni hesabu, dawa yake ni hesabu. Leo jioni nitahesabu mwenyewe vitatu, wewe utavisaga, umnyweshe kwa kijiko."

Ndipo nilipoelewa karatasi ile ilikuwa inasema nini. Nikisaini, kosa ni langu na dozi ni sahihi. Dozi ikiwa sahihi, Mhoja anapewa tena jioni, juu ya ile iliyomjaa. Jina langu lingechafuka, sawa, jina linafuliwa. Lakini yule mtu asingeiona Alhamisi.

Na Dokta hakuwa mjinga, wala muuaji. Alikuwa na hoja.

"Mtu wa kifafa ukimkatia dawa ghafla, kifafa kinamrudia mara tatu. Atakufa kwa degedege, na hapo utasema nini?"

"Dawa bado imo ndani yake, Dokta. Angekuwa hana angekuwa macho."

"Nani kakwambia hayo? Form Four?"

"Mzee Lugwisha."

"Lugwisha muuza duka?"

Sauti yangu ilikuwa ndogo, nakiri. Nilizishika funguo za kabati la dawa mfukoni mwa gauni zisilie. Niliondoka bila kusaini, na karatasi nimeichukua.

Saa kumi na mbili kasoro robo, jua bado liko juu ya mashamba, Dokta akaja wodini na kijiko. Wodi yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Nyanzobe amekaa chini ukutani. Mhoja amelala ubavu kama nilivyomgeuza, mate yanamtoka pembeni ya mdomo.

"Lete vidonge."

"Nimevifungia kabatini."

"Lete funguo."

"Sileti."

Sikuwahi kumwambia mtu mzima neno lile. Hata baba yangu angezimia. Dokta aliangalia kijiko chake, akaniangalia mimi.

"Unajua nitakufukuzisha kazi?"

"Najua. Nifukuze kesho. Leo nitakaa naye hapa. Akianza kutetemeka nitakuita, utampa wewe, nami nitasaini karatasi yako mara mbili. Asipotetemeka, hapewi."

Nyanzobe akacheka kule chini, kicheko kikavu. "Dokta, huyu mtoto nilidhani ni bubu. Miaka miwili anachora miezi tu!"

Dokta akafanya jambo ambalo mpaka leo namkumbuka nalo kwa wema: akaweka kijiko dirishani, akavuta kiti, akaniwekea.

"Umhesabie pumzi," akasema. "Zikipungua niite. Na nyongo ya mbuzi isiingie humu."

"Imekwisha," akasema Nyanzobe. "Mbuzi wenyewe wamekwisha."

Daftari langu la usiku ule lina tarakimu tu, pumzi kwa kila dakika, mstari chini ya mstari. Hakutetemeka.

Sasa niwaambie ninachotaka mkikumbuke, kisha nimalize. Watakuja watu na karatasi zilizoandikwa tayari. Watakupa kosa ambalo si lako, dogo, la kusamehewa, ili lile kubwa lisitajwe. Usilipokee kwa sababu una haya. Lakini na wewe usijisafishe bure. Mimi nilikuwa na kosa, na kosa langu halikuwa kwenye ile karatasi.

Alhamisi, kabla jua halijakausha umande, Mhoja alifungua macho bila kufinywa. Alitazama dari, akatazama vitambaa mikononi mwake.

"Nani kanifunga kama kuku wa kuuzwa?" akauliza, ulimi mzito.

Nyanzobe akaanza kulia na kumtukana kwa pamoja. Macho ya yule mtu yalikuwa ya njano kuliko siku ile dirishani; usingizi tu ndio uliopungua, ugonjwa wenyewe upo palepale. Alihitaji hospitali kubwa, watafute kilichoziba. Nilikwenda kwa Dokta kuomba barua ya rufaa. Alikuwa anaswaki mlangoni kwake. Akasema barua itabidi itaje dozi, na nani aliyeiandika, na kwamba angetaka kufikiri kwanza.

Sikumngoja afikiri. Niliigeuza ile karatasi yake, nikaandika nyuma, kwa kalamu inayovuja: "Mgonjwa ana manjano, mkojo kama chai, choo kama majivu, mwasho. Alikunywa nyongo ya mbuzi. Alipewa dozi yake ya kawaida ya kifafa, hesabu ilitimia, ikamzidi kwa sababu ini limejaa nyongo. Hajapewa tangu Jumatatu. Mimi niliyaona macho yake Alhamisi iliyopita nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu. Kabula." Nikaacha funguo mezani kwa Dokta.

Barabarani nilisimamisha lori la mnunuzi mmoja wa pamba, mmoja wa wale wapya waliokuwa wanashindana bei. Dereva akasema habebi wagonjwa. Nikamwambia atabeba. Akabeba. Tulimlaza Mhoja juu ya magunia, mkewe kichwani, mimi miguuni, mpaka Bariadi.

Kwenye mapokezi ya hospitali palikuwa na foleni mpaka nje. Mzee wa mapokezi aliichukua karatasi, akaisoma upande wa Dokta, akaigeuza, akausoma wa pili taratibu, akashusha miwani.

"Hii haina muhuri. Barua hii inatoka kwa nani?"

Nikasema kwa sauti iliyowafanya hata wa benchi la nje wageuke:

"Kwangu."